Kichwa au Macho? Soma Kabla Hujatoa Dola Zako kwa Kamera ya Gemu

Kama gemu unazopenda ni za kurusha ndege, kuendesha lori au kushindana kwa magari, tafuta kifaa kinachofuata kichwa, yaani kinachogeuza picha ya gemu unapogeuza kichwa, na kile kinachofuata macho ukiache kwanza. Nimecheza na vyote viwili hapa Lubumbashi kwa muda wa kutosha, na hilo ndilo jibu ninalompa kila kijana wa Kamalondo anayenijia na swali lilelile: “Yaya, ile kamera inaonaka macho, njo muzuri kupita ile ya kichwa?” Hapana, mudogo wangu. Inavutia zaidi na bei yake iko juu zaidi, lakini kwa gemu hizi haikufai zaidi. Acha nieleze sababu, maana kifaa kikishavuka mpaka wa Kasumbalesa na kufika mikononi mwako, kukirudisha ni shughuli nzito.

Nianze na kichwa. TrackIR, ya kampuni ya NaturalPoint ya Marekani, ndiyo iliyowazoeza wachezaji wengi jambo hili. Ni kamera ndogo inayokaa juu ya skrini na kuona mionzi ya infraredi, mwanga ambao jicho la mtu halioni. Wewe unavaa kofia yenye kibanio cha vipande vitatu vinavyorudisha mwanga, au unafunga kwenye vipokea sauti kibanio chenye taa tatu ndogo za infraredi. Kamera haishughuliki na sura yako. Inaona nukta tatu tu, na kwa jinsi nukta hizo zinavyokaribiana, zinavyoachana, zinavyopanda na kushuka, programu inapiga hesabu ya kichwa kizima: kimegeukia wapi, kimeinama kiasi gani, kimelalia bega lipi, kimesogea mbele, juu au pembeni kwa umbali gani. Jumla ni miendo sita. TrackIR 5 inapiga picha 120 kwa sekunde, yaani picha moja kila milisekunde nane hivi, na kwa kasi hiyo mwendo wa shingo na mwendo wa gemu unauhisi kuwa kitu kimoja.

Mtu asiyewahi kuona huuliza: nikigeuza kichwa, si nitaacha kuona skrini? Hutaacha, kwa sababu programu inakuza mwendo. Wewe unageuza kichwa nyuzi 15 au 20, macho yako bado yako kwenye skrini, lakini rubani ndani ya gemu amegeuka nyuzi 90 au zaidi na sasa anaangalia bawa. Siku ya kwanza inaonekana ajabu. Baada ya muda mfupi ubongo unazoea, na kutoka hapo kurudi kwenye kitufe cha kuzungusha picha ni adhabu.

Faida yake unaiona vizuri wakati wa kutua. Fungua Microsoft Flight Simulator, chagua ndege ndogo kama Cessna 172, kisha ujaribu kutua uwanja wetu wa Luano kwa kuzunguka kama marubani wanaofundishwa: unaruka sambamba na njia ya kutulia, unakata kona, unakata kona tena, unajipanga, unashuka. Kazi yote iko kwenye zile kona mbili, kwa sababu njia ya kutulia haiko mbele yako. Iko nyuma ya bega la kushoto, na inabidi uendelee kuiangalia huku mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine kwenye mafuta. Mkono wa tatu huna. Hapo kugeuza shingo tu kunakupa kile ambacho kibodi haikupi: unajua uko wapi.

Lori nalo ni hivyohivyo. Katika Euro Truck Simulator 2 ukifika kwenye makutano, au ukitaka kurudisha trela nyuma kwenye ghala, unahitaji kioo cha kushoto, cha kulia, kisha unainama mbele kidogo uone gari lililojificha nyuma ya nguzo ya dirisha. Ule mwendo wa kuinama ni wa kichwa. Jicho peke yake, hata lizunguke vipi, haliwezi kuinama.

Sasa macho. Jina kubwa hapa ni Tobii, kampuni ya Sweden iliyoanzishwa 2001, na kifaa chake cha wachezaji ni Eye Tracker 5, kilichotoka 2020. Ni ubapa mwembamba unaobandikwa chini ya skrini. Taa zake za infraredi, ambazo wewe huzioni, zinamulika macho yako na kuacha vimeto vidogo juu ya konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Kamera inapima umbali kati ya vimeto hivyo na katikati ya mboni, na kutokana na hapo inajua unaangalia sehemu gani ya skrini. Ni uhandisi wa hali ya juu, nausifu kwa moyo wote. Unaliangalia jengo lililo pembeni ya skrini, na picha inateleza yenyewe kuelekea huko.

Tatizo halitoki kwenye kifaa. Liko kwenye jicho lenyewe. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo sana, karibu nyuzi mbili, sawa na upana wa ukucha wa kidole gumba ukiunyoosha mkono wako mbele. Ili uone kitu kizima, jicho linarukaruka, mara tatu hivi kila sekunde, na mengi ya marukio hayo wewe huyaamui. Wazee walisema macho hayana pazia. Ukiwa kwenye ndege, jicho linaruka kwenye kipima mwendo, linaruka kwenye ramani, linaruka kwenye maandishi yaliyotokea kona ya skrini, na kila mara kifaa kinadhani umeomba kuangalia upande ule. Unataka kusoma kipima mafuta kilicho pembeni, na kabla hujamaliza kukisoma picha imeshaanza kukisogeza.

Unaweza kuzuia hilo kwa kupunguza wepesi wa kifaa, lakini ukikipunguza sana hakifanyi tena kazi uliyokinunulia. Kichwa ni tofauti. Kichwa kinageuka pale unapotaka kigeuke, na kikigeuka, macho yanabaki huru kutembea juu ya kile ulichokichagua. Ndiyo njia tunayoishi nayo kila siku: shingo inachagua upande, jicho linachagua kitu.

Kwa haki ya Tobii niseme pia kwamba Eye Tracker 5 inafuata kichwa pamoja na macho, bila kofia wala kibanio chochote. Ukizima sehemu ya macho, au ukiipa nafasi ndogo, unabaki na kifuata kichwa kizuri kisichohitaji kuvaliwa. Kama umepewa zawadi au umekipata kwa bei nzuri, kitumie hivyo ukiwa kwenye ndege. Ila kununua kitu kwa dola 229, bei kiliyotoka nayo Marekani, na bado hujaweka usafiri na ushuru, halafu uzime nusu ya kazi yake? Mimi siwezi kumshauri mtu hivyo.

Mahali macho yanaposhinda ni kwenye gemu za kutembea na kupigana ambako kamera iko nyuma ya mhusika. Tangu 2015, Assassin's Creed Rogue ilipotoka kwa kompyuta, kumekuwa na gemu zilizotengenezwa zikijua unaangalia wapi, na zile zilizofanywa kwa uangalifu zinapendeza kweli. Lakini hizo utazicheza vizuri bila kifaa chochote. Kwenye ndege na lori, kifaa kinabadilisha gemu yenyewe.

Kuna jambo la nyumba zetu ambalo maelezo ya kwenye boksi hayaligusi: mwanga. Jua ni chemchemi kubwa ya infraredi, na jua letu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, halina mawingu ya kulipunguza. Ukikaa na dirisha la magharibi mgongoni, saa kumi alasiri kamera ya TrackIR inaona dirisha zima linawaka, na nukta zako tatu zinapotea humo. Kifaa cha macho nacho kinasumbuka, kwa sababu mwanga mkali unafunika vile vimeto na mboni inajikunja kuwa ndogo. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni, au weka pazia zito. Ondoa pia kila kinachowaka nyuma yako: balbu ya zamani yenye waya, mshumaa, hata mbabula yenye makaa mekundu inayoonekana kupitia mlango ulio wazi. Kwa kamera ya infraredi, hizo zote zinaweza kuonekana kama nukta za kichwa chako. Taa za LED za kawaida hazina shida hiyo.

Sasa sehemu ninayotaka uisome vizuri, kwa sababu itakuokolea fedha. Kabla ya kununua chochote, anza na ulicho nacho. Kuna programu ya bure inaitwa opentrack. Inapokea habari za kichwa kutoka vyanzo vingi na kuzipeleka kwenye gemu kwa njia ileile ya TrackIR, kwa hiyo gemu nyingi zinazoijua TrackIR zinaipokea bila maswali. Ndani yake kuna sehemu inayotambua uso kwa kamera ya kawaida ya kompyuta. Huvai kitu, hununui kitu.

Ina masharti mawili. Kwanza, kompyuta yenyewe ndiyo inayopiga hesabu ya uso wako, na kama ni mashine ya zamani inayohema kwa gemu peke yake, utaona picha zinaanza kukwama. Pili, mwanga usoni. Kamera ndogo za bei nafuu, chumba kikiwa giza, hupunguza idadi ya picha kwa sekunde ili zipate mwanga wa kutosha, na ile 30 inaweza kushuka hadi 15. Hapo kichwa chako kinafika na gemu inafuata nyuma. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi ni muhimu zaidi: weka taa mbele yako, juu ya skrini au ubavuni mwake, iangaze uso na si kamera. Taa ndogo ya kuchaji, ile tunayowasha umeme ukikatika, inatosha kabisa.

Kama mashine ni dhaifu, tumia simu. SmoothTrack, ya Android na ya iPhone, inatumia kamera ya mbele ya simu kufuata uso na kupeleka matokeo kwa opentrack kupitia Wi-Fi. Inalipiwa, lakini bei yake iko mbali sana na bei ya vifaa. Simu inafanya hesabu yenyewe, kompyuta inabaki na gemu. Na wale wanaohesabu mega zao wasiogope: washa hotspot ya simu, unganisha kompyuta humo, na habari za kichwa zinapita kati ya vyombo hivyo viwili tu bila kwenda intaneti. Mega haziguswi. Hakikisha tu programu nyingine za kompyuta hazijipakulii mambo wakati huo. Chomeka simu kwenye chaji, kwa sababu kamera inayowaka muda wote inakula betri na kuipasha moto.

Ukishaunganisha, usikimbilie kurusha ndege. Tenga muda wa kupanga mistari ya mwendo, ile inayoamua kichwa kikigeuka kiasi fulani picha igeuke kiasi gani, kwa maana hapa ndipo wengi wanakata tamaa na kusema kifaa ni kibaya. Katikati acha sehemu tulivu, nyuzi tatu au nne kila upande ambapo kichwa kikisogea picha haisogei. Ni kama usukani wa lori kuukuu wenye mchezo kidogo: ukitetemeka, gari linaendelea kunyooka. Kutoka hapo mstari upande polepole, kisha kwa kasi kadiri unavyokaribia pembeni. Mwendo wa kulalia bega uzime, kwa watu wengi unaleta kizunguzungu. Kichujio cha kutuliza mtetemo usikijaze, kila unapokiongeza unaongeza ucheleweshaji. Na chagua kitufe kimoja cha kurudisha picha katikati, kilicho karibu na kidole, utakibonyeza mara nyingi kila ukibadilisha mkao. Shingo ikikuuma, usiivumilie: ongeza ukuzaji ili usihitaji kugeuka sana.

Cheza hivyo kwanza. Ukiona gemu za ndege zimekuingia kweli na kamera ya kawaida haikutoshi, hapo TrackIR ina haki ya kudai fedha zako. Kabla ya kuiagiza, iwe kupitia mtu anayetoka Dubai au Afrika Kusini, hakikisha mambo mawili: kwamba gemu zako ziko kwenye orodha ya zinazoikubali, na kwamba kibanio kimo ndani ya boksi, maana bila kibanio kamera haina nukta za kuona.

Kuna mtu mmoja ambaye ninamwambia kinyume cha yote haya. Ni yule ambaye mikono yake haifanyi kazi. Kwake kifaa cha macho si anasa hata kidogo. Windows 10 iliongezewa uwezo wa kuongoza kompyuta kwa macho mwaka 2017, na OptiKey, programu ya bure, inamwezesha mtu kuandika na kusogeza kipanya kwa kuangalia herufi tu, huku kompyuta ikimsomea kwa sauti alichoandika. Kwake ule urukaji wa jicho unatulizwa kwa kuchelewesha: herufi inahesabiwa baada ya kuangaliwa kwa muda fulani, muda ambao unaupanga mwenyewe. Kama katika familia yenu yuko mtu wa namna hiyo na fedha zinatosha kifaa kimoja tu, nunueni cha macho, muanze kwa kumpangia muda mrefu, kisha mpunguze kadiri anavyozoea.