Kabla Hujasaini, Uliza Jana Mashine Ilikuwa ya Nani

Mashine yangu ya kwanza ya mtumbwi kwa "mkopo wa Kiislamu" niliinunua mwenyewe, kwa hela niliyoihesabu mwenyewe, kwenye duka nililolichagua mwenyewe. Ofisa alitaka risiti tu. Nikampelekea, akaitia kwenye faili, akagonga muhuri, tukapeana mikono. Nikatoka pale kifua mbele, mtu aliyeachana na riba.

Ilikuwa 2016. Kazi yangu ni dagaa: nina mitumbwi miwili kambini Ukerewe, mzigo unashuka soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na wateja wangu wengi wanausafirisha kwenda Kongo. Mtumbwi mmoja ulikuwa umeua mashine. Na mkopo wa kawaida nilikuwa nimeapa siugusi tena, kwa sababu ya masika ya 2013. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo dagaa wakiwa wameanikwa mchangani. Dagaa waliolowa hawaendi Kongo, wanakwenda kwa wenye kuku, na kwa bei ya kuku. Benki haikunyeshewa. Tarehe ilipofika ilitaka chake na riba yake, nami nikauza kiwanja cha Buhongwa ambacho leo sitaki hata kupita karibu nacho.

Basi nikamsimulia habari ya ile mashine mzee mmoja wa msikitini kwetu, mtu asiyesema sana. Akaniuliza swali moja: "Jana yake hiyo mashine ilikuwa ya nani?"

"Yangu, sheikh. Nilishainunua."

"Sasa benki ilikuuzia nini?"

Sikuwa na jibu. Akacheka: "Mwanangu, huo ni mkopo uleule. Wameuvisha kanzu tu."

Nawaandikia haya kwa sababu vijana wa Mwaloni wananiuliza kila mara kama waende kwenye dirisha la Kiislamu, yaani huduma ya benki isiyotoza riba. Siku hizi yapo mengi. Amana Bank ilipoanza kazi mwishoni mwa 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini inayofuata sharia moja kwa moja, wengi tuliona ni jambo la Dar es Salaam huko. Leo hata benki kubwa za kawaida zina huduma hizo. Jibu langu kwa vijana ni nendeni, lakini nendeni na lile swali la mzee.

Mkataba utakaokutana nao zaidi huko unaitwa murabaha, nao ni kuuziana. Wewe unasema unataka mashine ya nguvu farasi 15. Benki inainunua dukani, inakuwa mali yake, halafu inakuuzia kwa bei ya juu kidogo ambayo mnakubaliana mapema, unalipa kidogo kidogo. Bei ikishaandikwa haipandi. Faida yao ni halali kwa sababu kuna muda, hata uwe mfupi, ambao kitu ni chao na kikiharibika kimewaharibikia wao. Muda huo ukirukwa, hakuna biashara hapo, kuna pesa zimezaa pesa.

Mwaka 2019 nilirudia, mahali pengine. Safari hii nilisubiri siku tatu nikinung'unika, maana walinunua wao, karatasi za duka zikaandikwa jina lao. Siku ya kukabidhiwa, fundi wangu akafungua kifuniko akaona ufa kwenye giaboksi. Mashine ikarudi dukani, na walioirudisha ni wao, kwa nauli yao. Ningeinunua kwa mtindo wa 2016, ningebaki nagombana na mwenye duka peke yangu huku marejesho yanahesabiwa. Dukani iliuzwa 7,500,000, wakaniuzia 9,000,000 kwa miezi 18, yaani laki tano kila mwezi. Niseme ukweli: nilipopiga hesabu, mkopo wa kawaida ungekuwa nafuu kwa kama laki mbili. Anayekwambia halali ni rahisi siku zote anakuuzia kitu. Mimi ile laki mbili naiona ni bei ya kulala usingizi.

Kuna kosa moja nililolifanya hata safari hiyo ya pili. Nilikubali marejesho ya kila tarehe 5. Dagaa hafuati kalenda ya benki, anafuata giza. Mwezi ukiwa mpevu taa zetu hazimvuti, wavuvi wanalala kambini siku kadhaa wakishona nyavu na kucheza bao. Tarehe 5 ikiangukia kwenye mbalamwezi, unakopa ili ulipe. Omba ratiba inayofuata mzigo. Ofisa atakwambia mfumo hauruhusu. Omba tena, ukiwa umebeba daftari lako la miezi 12 linaloonyesha lini pesa huingia. Na uliza faini ya kuchelewa inakwenda wapi: kwa wanaofuata utaratibu haiingii kwenye faida ya benki, inatolewa sadaka. Akibabaika hapo, umeshajifunza jambo.

Kinachonishangaza ni kwamba ziwani tunayo mudaraba, ushirika wa mwenye mtaji na mwenye kazi, bila kujua jina lake. Mtumbwi ukirudi, tunakata kwanza mafuta, taa na chakula, kinachobaki tunagawa nusu kwa mwenye chombo na nusu kwa wavuvi. Ukirudi mtupu, wao wamepoteza usiku, mimi nimepoteza mafuta, hakuna anayemdai mwenzake. Wakristo na Waislamu wa kambini wanaishi hivyo. Benki zetu za Kiislamu haziupendi sana mkataba wa namna hiyo, zinapenda murabaha, na sizilaumu kwa yote. Nani aweke pesa zake kwa mtu asiye na daftari? Tunataka mshirika wa hasara, lakini faida tunaificha chini ya godoro.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu somo langu kubwa sikulipata Mwanza. Nililipata kwa kumlipia mpwa wangu ada Khartoum.

Alikwenda kusoma huko 2019, miezi michache baada ya Rais Omar al-Bashir kuondolewa madarakani tarehe 11 Aprili. Mimi nilifurahi. Sudan ilikuwa imeziondoa benki zake kwenye riba tangu enzi za Rais Nimeiri, miaka ya 1980, na nilidhani mtoto anakwenda kuona kwa macho kile ambacho sisi tunakisoma vitabuni. Simu yake ya kwanza ya maana ilikuja 2020: "Mjomba, usitume kupitia benki." Kwa nini? Kwa sababu benki ilimpa pauni 55 za Sudan kwa dola, na mtaani dola ileile ilikuwa mara kadhaa ya hizo. Nikawa natuma kwa mkono, kupitia wafanyabiashara, moyo ukinidunda kila mara.

Yaani nchi ambayo benki zake zote zilikuwa za sharia, na mtu mwaminifu alikuwa anakwepa benki ili asiibiwe na bei ya serikali. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mkataba wa halali hauwezi kuiponya sarafu inayokufa. Serikali ya Bashir ilikuwa hata inakopa kwa wananchi kupitia vyeti vya musharaka, yaani ubia, vilivyoitwa Shahama. Jina zuri, fikihi nzuri. Lakini faida ikiwa ya pauni na pauni inayeyuka, mwenye cheti anabaki na karatasi.

Serikali ya mpito ya Waziri Mkuu Abdalla Hamdok ilijaribu kunyoosha mambo. Februari 2021 bei ya dola ikatolewa kwenye 55 ikawekwa 375 kwa siku moja. Ruzuku ya mafuta ikaondolewa. Riba ikaruhusiwa sambamba na benki za Kiislamu, ili benki za nje ziweze kufanya kazi na nchi, maana Marekani ilikuwa imeiondoa Sudan kwenye orodha yake ya wafadhili wa ugaidi Desemba 2020. Juni 29, 2021 ikaingizwa rasmi kwenye mpango wa kusamehewa madeni. Kwenye karatasi, kila hatua ilikuwa na maana. Mpwa wangu akaanza kupokea ada kupitia benki kama watu wengine, mimi nikapumua.

Lakini mkate. Kila akipiga simu ni habari ya mkate na foleni. Kufikia Julai mwaka huo mfumuko wa bei ulipita asilimia 400. Kulikuwa na mpango wa kuwapa wananchi fidia, uliitwa Thamarat, dola 5 kwa kila mtu kwa mwezi, na ulikusudiwa kufikia karibu familia nne kati ya kila tano. Ulianza kwa kusuasua, wakati machungu yalikuwa yameshafika mezani. Jeshi lilipopindua Oktoba 25, 2021, wafadhili wakazuia pesa na mpango ukasimama. Msamaha wa madeni nao ukakwama njiani. Aprili 2023 vita ikaanza, na kijana akarudi kwa basi hadi Ethiopia, kisha ndege hadi Dar, na begi moja.

Kwa mtu wa biashara nayachukua hivi: maumivu ya mabadiliko yanakuja taslimu, nafuu yake inakuja kwa ahadi. Nilipoamua kuhama kabisa kutoka benki ya zamani kwenda huku, sikufunga akaunti ya zamani siku hiyo. Nilikaa miezi 8 na zote mbili, nikamaliza deni la zamani kwanza, nikaweka akiba ya marejesho matatu kwenye kikundi chetu. Kuna aliyenicheka kwamba nina imani nusu. Huyo huyo alihama kwa mkupuo, akapigwa na mbalamwezi mbili, akarudi kwa wakopeshaji wa mtaani wanaoshika kadi yako ya benki.

Misri ina kisa chake, nitakipitia haraka. Baada ya Rais Mubarak kuanguka 2011, serikali ya Rais Morsi ilitaka sheria ya sukuk, hati za uwekezaji zinazosimama juu ya mali badala ya deni. Wanazuoni wa Al-Azhar, chuo kikuu cha dini cha Cairo, wenyewe waliupinga muswada wa kwanza, wakihofia mali ya umma isije ikaangukia mikononi mwa wageni. Sheria ikapita 2013 baada ya kurekebishwa, Morsi akaondolewa Julai mwaka huohuo, na hati ya kwanza ya serikali, ya dola bilioni 1.5, ikaja kutolewa Februari 2023. Miaka kumi! Napenda kwamba waliouliza "mali ipi hiyo, na ikishindikana inachukuliwa na nani?" walikuwa masheikh. Ni swali la mzee wangu, limepanuliwa likawa la nchi.

Huku kwetu nako tunayo historia. Nilikuwa darasa la sita mwaka 1993, vyama vingi vikiwa vichanga kabisa, redio ikizungumza kuhusu Zanzibar na OIC, umoja wa nchi za Kiislamu. Zanzibar ilikuwa imejiunga Desemba 1992, Bunge likaona ni kinyume cha katiba ya Muungano, Agosti 1993 ikajitoa. Watu wazima mtaani waligombana mpaka mtu akahama kijiwe cha kahawa. Wachache walijua kwamba kuingia Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah ni lazima kwanza uwe mwanachama wa OIC, na kwamba benki hiyo hujenga barabara na hospitali kwa mikataba ya jamii hii ninayoieleza hapa: ijara (kukodisha), istisnaa (kuagiza kitu kitengenezwe), mauzo ya awamu. Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hilihili, ni mwanachama tangu miaka ya 1970. Lakini hata wao, walipitisha sheria ya kuruhusu benki za Kiislamu 2016, na ya kwanza ikapata leseni 2023. Kwa hiyo ukisikia sheria mpya imetangazwa, usiuze ng'ombe. Ngoja uone dirisha limefunguliwa na mtu ameketi.

Mpwa wangu sasa ndiye anayeshika madaftari yangu Mwaloni. Juzi tulikwenda wote kuulizia jokofu la mabondo ya samaki, ofisa kijana akatuletea fomu, maridadi, bismillahi juu. Mpwa akasoma kurasa zote saba. Nilitaka kumwambia fanya haraka, nikajizuia.

"Kaka," akamwambia yule ofisa, "hapa ukurasa wa nne panasema sisi tunanunua kwa niaba yenu. Likifika Mwanza limepasuka kioo, limepasuka la nani?"

Ofisa akasema anampigia mkuu wake. Akatoka nje na simu. Tukanywa maji yao ya chupa, tukanywa ya pili, na aliporudi akasema turudi Jumatatu.