Simu ya babu inakwaruza: majibu kuhusu maikrofoni za kaboni

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya kaboni: simu nyeusi za kuzungusha namba, maikrofoni za jeshi, na ile ya duara yenye springi tunayoiona kwenye picha za watangazaji wa zamani. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo fundi. Nimerithi simu nyeusi ya babu, ya enzi za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Nimeiunga kwenye mtambo mdogo wa simu za ndani. Mimi namsikia mwenzangu vizuri, ila yeye ananisikia kwa mbali na mikwaruzo juu. Nikiupiga mkonga kwenye kiganja sauti inarudi, halafu inapotea tena. (Tanga)

Marahaba. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, kwa hiyo simu yako ni mtu mzima, lakini ugonjwa wake unatibika.

Fungua kifuniko cha upande wa mdomo. Utakuta kikopo cha bati cha duara. Kitoe, kitikise karibu na sikio: utasikia kitu kama kayamba linalopigwa mbali. Hizo ni chembe za kaboni, zilizotengenezwa kwa makaa ya mawe magumu. Mbele yake kuna kiwambo chembamba. Ukisema, kiwambo kinazibana chembe na kuziachia. Zikibanwa umeme unapita kwa wingi, zikiachiwa unapungua. Basi, mambo yote ni hayo. Hakuna sumaku wala koili. Nguvu inatoka kwenye betri za mtambo, sauti yako inazipangia tu kiasi cha kupita, ndiyo maana kikopo kile kinatoa sauti kubwa bila amplifaya yoyote. Edison na Hughes ndio wanaotajwa sana kwa maikrofoni ya kaboni ya miaka ya 1870, lakini aliyeleta wazo la chembe mwaka 1878 alikuwa kasisi wa kijijini huko Yorkshire, Uingereza, Henry Hunnings. Simu za dunia nzima ziliendelea na wazo lake kwa karibu miaka 100.

Kabla ya kukilaumu kikopo, tazama vile vyuma vya springi vinavyokigusa kwa nyuma. Mara nyingi mkwaruzo unaanzia pale: vimeota ukungu wa kijani au vimelegea. Visugue kwa kifutio cha penseli, vifute kwa pamba yenye spiriti kidogo, vinyanyue viguse sawasawa. Simu nyingi zinapona hapo hapo.

Kama bado, basi chembe zimeshikamana. Zimekaa mkao mmoja miaka mingi na unyevu wa pumzi umeingia. Chomoa waya wa laini kwanza, hili silirudii kwa utani. Kisha shika kikopo kiwambo kikitazama chini, kigonge taratibu kwa ncha ya kidole huku ukikizungusha, kigeuze, rudia. Wazee waliokuwa wakibamiza mkonga mezani katikati ya mazungumzo walikuwa wanafanya jambo hilo hilo, ila umeme ukiwa ndani. Chembe zikirukaruka umeme ukipita, zinapigana cheche ndogondogo, na kila cheche inazichoma mahali zinapogusana. Unapata nafuu ya leo kwa hasara ya mwakani.

Nawezaje kujua kama kikopo ni kizima kabla sijanunua? Nina mita ya kawaida tu. (Nairobi)

Mita inatosha. Iweke kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, gusisha ncha zake mbili kwenye sehemu mbili za mguso, kisha kitikise kikopo polepole. Kizima kitakuonyesha makumi ya omu hadi mia chache, na namba zitakuwa zinacheza kila unapokigeuza. Namba kucheza ni dalili njema. Zikiganda palepale hata ukitikisa, chembe zimeshikamana. Mita isiposoma kitu kabisa, waya wa ndani umekatika au kikopo kilishawahi kufunguliwa na chembe zikamwagika. Ukisoma maelfu kwa maelfu ya omu, nenda swali la Zanzibar hapo chini.

Usiichukulie namba hiyo kama kipimo kamili, maana mita hupitisha mkondo mdogo sana na ukinzani wa kaboni hushuka mkondo ukiongezeka. Na kama muuzaji hakuruhusu kutikisa, acha.

Hapa kwetu kila kitu kinashika unyevu. Nilikausha kikopo juani, hakikusaidia. Rafiki ananiambia nikifungue, nitoe chembe, nitie mkaa uliosagwa. Unasemaje? (Zanzibar)

Nasema rafiki yako akajaribu kwenye cha kwake. Mkaa wa jikoni ni laini, una majivu, na ukisagwa unatoa vumbi zaidi kuliko chembe. Za kiwandani zilitoka kwenye makaa magumu, zikachomwa kwa joto kali na kuchekechwa hadi zilingane ukubwa. Vumbi likijaza nafasi kati ya chembe unapata kelele tupu. Zaidi ya hayo, vikopo vingi vimefungwa kwa kukunjwa bati ukingoni. Ukishaukunjua ukingo ule haurudi kama ulivyokuwa, na kiwambo kikipinda hata kidogo sauti imeharibika.

Jua nalo lina ubaya wake. Baadhi ya vikopo vina utando mwembamba wa hariri iliyotiwa mafuta, uliowekwa kuzuia pumzi isifike ndani. Joto kali linaukausha ukapasuka, na baada ya hapo unyevu unaingia kama nyumbani kwake. Jiko, hewa ya moto ya kukaushia nywele na dashibodi ya gari, vyote achana navyo.

Kinachofaa ni vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme. Kusanya vingi, viweke pamoja na kikopo ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, ukiache wiki mbili au zaidi, ukikigeuza siku unayokumbuka. Pima tena. Ukinzani ukianza kushuka, endelea. Usipobadilika kabisa, kikopo hicho ni cha kuonyeshea wageni.

Na usipulize wala kunyunyizia kitu chochote kwenye matundu, iwe dawa ya kuua wadudu au mafuta ya kulainishia kufuli. Kifuniko cha nje kinatoka. Kioshe peke yake, kikauke, ndipo ukirudishe.

Bro, nataka sauti ya simu ya zamani kwenye mwanzo wa wimbo. Programu ya kompyuta inaigiza lakini naona haina ladha. Nina kikopo cha simu. Nikichomeke kwenye miksa na kuwasha volti 48? (Dar es Salaam)

Nakuunga mkono kuhusu ladha. Programu inakata sauti ya chini na ya juu, inabakiza zile hezi 300 hadi 3,400 za laini ya simu, ikaongeza mchakacho. Kaboni haifanyi hivyo. Mchakacho wake unafuata nguvu ya sauti: ukinong'ona unasikia mvumo wa chembe zaidi kuliko maneno, ukipandisha sauti inafunguka ghafla, ukipiga kelele inapasuka. Mwimbaji mwenyewe akiisikia kwenye hedifoni anabadilisha namna anavyoimba, na jambo hilo programu haiwezi kulitoa baada ya kurekodi.

Volti 48 za miksa, zile za kulisha maikrofoni za studio, hupita kwenye rezista ya omu 6,800, kwa hiyo hata ukiunga kikopo kati ya mguu mmoja wa plagi na ardhi hakitapata zaidi ya miliampia 7 hivi. Kitasema, ila kwa unyonge. Tatizo langu ni lingine: kwenye miksa nyingi swichi hiyo inawasha chaneli zote pamoja, na kama umechomeka maikrofoni ya utepe ya zamani pembeni unaweza kuijutia.

Tumia betri ya volti 9. Chanya ya betri iende kwenye rezista ya omu 470, kutoka hapo iingie kwenye kikopo, upande wa pili wa kikopo urudi hasi. Kikopo chenye omu 100 kitapata kama miliampia 16, kinatosha. Pale rezista inapokutana na kikopo, chukua sauti kupitia kapasita ya mikrofaradi 10, upande wake wa chanya ukielekea kikopo, na baada ya kapasita weka rezista ya omu 10,000 kwenda ardhini. Peleka kwenye ingizo la laini la miksa, siyo la maikrofoni, maana sauti inayotoka ni kubwa. Usibadilishe betri kwa chaja ya simu: kila mvumo ulio kwenye chaja utausikia kwenye wimbo.

Kikopo kisimame wima, mdomo uwe sentimita mbili tatu. Kikilazwa kiwambo juu, chembe zinatua chini na kukiacha kiwambo peke yake, sauti inakonda. Ukimaliza kurekodi chomoa betri ndipo ukiguse.

Wa aleikum salaam kwa mapema, najua utajibu hivyo. Marehemu mjomba aliacha maikrofoni ya duara, imening'inizwa kwa springi ndani ya pete ya chuma. Ni ya kaboni kweli? Nataka kuisafisha ing'ae. (Maskati)

Wa aleikum salaam. Ikiwa ina kitufe, yaani kikopo kidogo cha chembe, mbele na kingine nyuma ya kiwambo, ndiyo, ni ile ya vitufe viwili iliyotawala redio na mikutano ya hadhara miaka ya 1920. Kiwambo kipo katikati. Kikisogea mbele chembe za upande mmoja zinabanwa na za upande wa pili zinaachiwa, na transfoma inatoa tofauti ya pande hizo mbili. Upotofu mwingi unafutana hapo, ndiyo maana ilisikika safi kuliko simu.

Kiwambo chake kwa kawaida ni duralumini nyembamba iliyovutwa ikakaza, na mahali chembe zinapogusa pamepakwa dhahabu. Kidole kimoja kinatosha kukiharibu. Kwa hiyo ng'arisha pete na msimamo, ukitumia kitambaa kikavu, na dawa ya kung'arisha shaba isifike karibu na matundu. Vumbi la mbele liondoe kwa brashi laini ya rangi ukiwa umeiinamisha ili lianguke nje.

Springi siyo mapambo. Mtikisiko wowote wa meza unaingia moja kwa moja kwenye chembe, kwa hiyo moja ikikatika tafuta springi yenye ulaini kama wa zile nyingine, usifunge kwa waya. Wajerumani walitatua jambo hilo kwa njia nyingine: maikrofoni ya Reisz, ambayo BBC waliitumia hadi miaka ya 1930, ilitengenezwa ndani ya bonge la marumaru. Haitikisiki, kwa kweli, na kuibeba pia ni kazi.

Ukitaka kuiwasha, tafuta fundi mwenye transfoma yenye waya wa katikati, na kila upande upate mkondo uliolingana, kati ya miliampia 10 na 30. Zima kabla ya kuihamisha hata hatua moja.

Nimepata maikrofoni ya T-17 ya jeshi la Marekani ya vita vya pili. Plagi yake haiingii popote. Naitaka kwenye redio yangu ya ridhaa. (Arusha)

Plagi hiyo ni PL-68, nyembamba kuliko ya gitaa ya milimita 6.35, usiilazimishe. Ncha ni ya swichi ya kuongelea, pete ya katikati ni maikrofoni, mwili ni ardhi. Redio za sasa zimeandaliwa kwa elektreti, vile vipande vidogo vya maikrofoni vya kisasa, na mkondo wake ni mdogo mno kwa kaboni, kwa hiyo tengeneza kiboksi cha betri kama nilichomweleza wa Dar es Salaam, kisha punguza sauti kabla haijaingia redioni. Raba ya waya wake ikikatika ukiipinda, badilisha waya wote.

Fundi, wengi wanashauri nitoe kaboni niweke elektreti kwenye simu ya zamani. Ni dhambi? (Mombasa)

Hapana, kama unaitumia kila siku. Usiunge elektreti tupu kwenye laini, volti za mtambo zitaiunguza. Tafuta iliyotengenezwa na sakiti yake ndani ya umbo la kikopo kile kile. Cha zamani kitie kwenye chupa na vifuko vyake, na siku ukiuza simu kiende nacho, kwa sababu mnunuzi anayejua atafungua mkonga mbele yako kabla hajatoa hela.