Second Foundation ya Asimov: hao jamaa wa siri ni wakombozi kweli?

Mkuu umeuliza kama riwaya ya kisayansi ya Second Foundation ya Isaac Asimov inafaa kwa mtu ambaye kitabu cha kwanza cha mfululizo, Foundation, kilimchosha kwa maongezi mengi, na kama hao watu wa Foundation ya pili wanaoongoza galaksi kwa siri kwa nguvu za akili ni wakombozi au la. Najibu yote mawili ila namwaga mwisho wa hadithi, so kama unataka kuusoma mwenyewe ishia hapa.

Soma. Kilitoka kama kitabu mwaka 1953 lakini ni hadithi mbili zilizotangulia kwenye jarida la Astounding kuanzia 1948, ndo maana nusu ya kwanza, ya Mule, mtawala mwenye nguvu ya kugeuza hisia za watu, kuwasaka hao wa Foundation ya pili, na ya pili haziko sawa. Ya pili ndo yenyewe.

Mimi nafanya hesabu za bima. Siwezi kukwambia dereva fulani atapata ajali lini, ila nipe madereva laki moja nitakukadiria wangapi watagonga mwaka huu na sitakosea sana, na saikohistoria ya Hari Seldon, yule mwanahesabu wa kwenye hadithi anayetabiri mwenendo wa umati mzima, imesimama hapohapo, Asimov mwenyewe alikuwa mkemia akaitoa kwenye gesi, molekuli moja haitabiriki lakini gesi nzima inatabirika. Sasa sharti lake ni kwamba watu wasijue wametabiriwa, maana wakijua wanabadilisha mwenendo na hesabu yote inaharibika. Hili naliona kazini kila siku, dereva akishajua gari limefungwa kifaa cha kumfuatilia anaendesha kivingine kabisa. Kwa hiyo ile siri Asimov hakuiweka kwa ajili ya utamu tu, hesabu yenyewe inaidai.

Na bei yake ndo inaniuma. Seldon aliacha makundi mawili ya kutimiza mpango wake, sasa Foundation ya kwanza imeshaishtukia ile ya siri na imepata mashine ya kuwagundua watu wake, basi Foundation ya pili inatoa watu wake 50 wakamatwe ili ionekane imekwisha. Hao 50 wanajua ni kifo au kifungo cha maisha, na hawakuweza hata kutulizwa akili wasiogope kwa sababu mashine ingeng'amua, wakaenda na woga wao hivyohivyo. Hapo nawaheshimu, sifichi.

Lakini njoo kwa Arkady, binti wa miaka 14, mjanja, anatoroka kutoka sayari ya Kalgan hadi ya Trantor akiamini kila uamuzi ni wake. Kumbe hao wa Foundation ya pili walimgusa akili akiwa kichanga kabisa, mapema kiasi kwamba hakuna alama ya kuonekana kwenye kipimo cha baba yake, ambaye ndo anayewasaka, na baba anampima, anakuta safi, anashusha pumzi! Mtoto hakuulizwa na hatajua maisha yake yote. Mtu akiniambia mpango huo unafupisha miaka 30,000 ya giza kuwa 1,000 namwelewa, hesabu ninazijua, ila mimi mkombozi wa hivyo simkubali, na naamini Asimov aliuweka huo ukurasa pale makusudi tusifurahi kirahisi.

Ushauri, usirukie hiki moja kwa moja. Anza na nusu ya pili ya Foundation and Empire ambako Mule anaanzia, la sivyo hutaelewa kwa nini Pritcher, ofisa wake Mule, anamtumikia kwa moyo wote mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kujaribu kumuua.