Maswali ya wasomaji: tauni, panya na mahindi ya darini

Nimesoma kuwa tauni iliua theluthi ya watu wa Ulaya. Enzi hizo hapakuwa na basi wala treni, ilisafirije? (Msomaji, Makambako)

Ilisafiri na shehena, hasa nafaka na nguo, kwa kuwa humo ndimo panya na kiroboto wake hujificha. Oktoba 1347 meli za Genoa kutoka Bahari Nyeusi zilitia nanga Messina, Sicilia, zikiwa na mabaharia mahututi. Januari 1348 ugonjwa ulikuwa Marseille, katikati ya mwaka ukafika Paris na kusini mwa Uingereza, na 1349 ukaingia Bergen, Norwe. Wanahistoria wanakadiria vifo kati ya theluthi na nusu ya watu wote, kwa hiyo ulichosoma ni kile kiwango cha chini.

Siri yote iko tumboni mwa kiroboto. Akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria huzaliana na kuziba njia ya chakula kama kizibo. Damu mpya haipiti. Njaa inamzidi, anauma na kuuma tena, na damu aliyoivuta inarudi kwenye jeraha ikiwa na bakteria. Panya akifa na mwili ukapoa, viroboto huhama kutafuta joto, na mwenye joto aliye karibu ni mtu aliyelala. Siku 2 hadi 6 baadaye homa inapanda ghafla, kisha mtoki unavimba kinenani, kwapani au shingoni, mgumu, hata kuugusa hauvumiliki. Tauni ikiingia mapafuni, mgonjwa humwambukiza jirani kwa kikohozi tu.

Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru wageni kutoka sehemu zenye tauni wakae pembeni siku 30. Baadaye zikawa 40, na hapo ndipo lilipotoka neno karantini: ni arobaini ya Kiitaliano. Watu walizuiwa, lakini panya alishuka kwa kamba ya meli.

Ni kweli vibarua walipata nafuu baada ya tauni? (Msomaji, Mufindi)

Walionusurika, ndiyo. Uingereza mazao yalikosa wavunaji, na kibarua akaanza kutaja bei yake mwenyewe. Mwaka 1349 Mfalme Edward III aliamuru ujira urudi ulivyokuwa 1346. Bunge likakaza sheria hiyo 1351. Wenye mashamba wengi walilipa zaidi kimyakimya, maana vinginevyo mavuno yangeozea shambani. Chuki ya sheria hiyo ilichangia maasi ya wakulima wa Uingereza ya 1381.

Tunahifadhi mahindi darini, juu ya meko. Juzi nimekuta panya watatu wamekufa na sikuweka sumu. Niogope? (Msomaji, Tukuyu)

Yawezekana wamekula sumu kwa jirani, muulize. Lakini usilipuuze, maana vifo vya panya visivyo na sababu ni dalili ya zamani ya tauni, na nchi yetu inaijua: Lushoto iliugua mara kwa mara kuanzia 1980.

Usiwashike kwa mkono mtupu wala usifagie dari kavukavu. Mjulishe ofisa afya wa kata kwanza, kabla ya kuwatupa. Kosa kubwa ni kukimbilia sumu ya panya: utaua panya, na viroboto wao wote watakushukia wewe kitandani. Anza na dawa ya viroboto darini na kwenye matandiko, ndipo utege panya. Mahindi yahamishie kwenye kihenge chenye miguu ya mita moja hivi, kila mguu uvikwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, na mti au ukuta usiwe karibu, maana panya wa darini ni mrukaji hodari.

Mtu wa nyumbani akipata homa kali au mtoki, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Streptomaisini au doksisaiklini ikianza mapema huponya. Bila dawa, tauni ya mitoki huua watu 30 hadi 60 kati ya 100, na ya mapafu karibu wote. Na mtaje panya waliokufa, maana kwa homa peke yake daktari anaweza kuanza na malaria.