Kabla ya kuchora, uliza kistari ni nini

Nyinyi mnaoanza kazi ya kuwachorea data watu wa fani nyingine, niwaonyeshe daftari moja kwanza. Jalada lake lilikuwa limerowa maji ya bahari likakauka. Ndani, karani wa bandari moja kisiwani Pate aliandika kila siku pweza waliopimwa: tarehe, idadi ya wavuvi, kilo. Siku nyingine aliandika 0. Siku nyingine aliweka kistari tu.

Niliingiza yote kwenye kompyuta. Programu ikageuza vistari kuwa sifuri, nikajumlisha kwa mwezi na kuchora mstari. Kisha nikafuatana na mwanabiolojia wa bahari niliyefanya naye kazi tukaenda kukaa na wavuvi, wengi wao wanawake, nikawaambia pweza wanapungua. Mama mmoja aliutazama ule mchoro kwa muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, bamvua liko wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Pweza huku huvuliwa kwa miguu, maji yakipwa sana na mwamba ukatoka nje, nako ni bamvua: mwezi uandamapo na mwezi unapokuwa mpevu. Siku za maji mafu, yasipokupwa sana, ni wachache wanaokwenda. Mwezi wa kuandama una siku 29 au 30, kwa hiyo bamvua halikai mahali pamoja kwenye kalenda ya ukutani. Mwezi wenye siku 31 unaweza kuangukiwa na bamvua tatu, unaofuata ukapata mbili. Sehemu ya kupanda na kushuka kwa mstari wangu ilikuwa kalenda tu, pweza hawakuhusika.

Na kile kistari? Karani alishangaa kuulizwa. Sifuri ni kwamba watu walikwenda wakarudi mikono mitupu. Kistari ni kwamba hakuna aliyekwenda: upepo wa kusi umechafua bahari, au ni Idi, au kuna maziko. Mwanabiolojia naye hakuwa akijua. Anawajua pweza kuliko mtu yeyote niliyekutana naye, lakini lile daftari lilimfikia likiwa tayari jedwali. Ndiyo maana nasema mtaalamu wa data si mmoja. Kuna anayeisoma, kuna anayeiandika, na kuna anayeishi ndani yake. Watafuteni wote watatu.

Nilichora upya: siku za mwezi wa kuandama kutoka kushoto kwenda kulia, kila mwezi mstari wake, kila siku kisanduku kinachokolea rangi kwa kilo za kila mvuvi, na vistari vikaachwa vyeupe. Milia miwili ya rangi ikajitokeza, mmoja katikati na mwingine ukigawanyika pembezoni. Kilo za kila mvuvi hazikuwa zimeshuka. Upungufu nilioutangaza ulikuwa vistari vya kusi. Visiwani huku kufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue ni uamuzi unaofanywa kweli, na unagusa chungu cha mtu jikoni. Huwezi kuupelekea mchoro usiokuwa na uhakika nao.

Mwaka 2012 watafiti wa uchoraji wa data Michael Sedlmair, Miriah Meyer na Tamara Munzner waliipanga kazi hii ya ushirikiano katika hatua 9 na kutaja mitego 32. Hatua 3 za mwanzo huja kabla hujachora chochote. Mtego mmoja ni kukubali kazi wakati data yenyewe bado haipo. Iombeni, muione kwa macho, ndipo mkubali.

Mengine kwa haraka. Mikutano na wavuvi iwekeni siku za maji mafu, ndipo wana nafasi. Nendeni na karatasi na penseli. Mchoro wa penseli watu huufuta na kuusahihisha bila haya, ule wa kwenye skrini huuonea heshima. Na semeni mapema mnachotafuta. Wewe mtafiti unataka mbinu mpya ya kuchora, mwenzako anataka jibu la swali lake. Likijibika kwa chati ya kawaida, mpe hiyo chati hata kama haitakuletea makala.

Msimkimbie anayewapinga. Ramani ya kipindupindu ya daktari John Snow, ya London mwaka 1854, inajulikana sana. Mchungaji Henry Whitehead hakuiamini hoja ya Snow kwamba ugonjwa ulitoka kwenye maji ya kisima cha Broad Street, na alianza uchunguzi ili aipinge. Lakini alizijua familia za mtaa ule nyumba kwa nyumba, na ndiye aliyegundua habari za mtoto mchanga aliyeugua katika nyumba nambari 40 Broad Street, ambaye maji yaliyooshea nepi zake yalimwagwa shimoni, karibu na kisima. Ramani peke yake haikuwa na habari hiyo.

Karani ameanza daftari jipya. Kando ya tarehe ameongeza safu ya mwezi wa kuandama, na baada ya kila kistari anaandika sababu. Sikumwomba.