Hoteli ya Marqués de Riscal: lala ndani, usiishie kupiga picha

Ndugu uliyeuliza kama inafaa kulala kwenye ile hoteli ya Elciego, Hispania, au upige picha ya paa kisha urudi zako Bilbao: lala, hata usiku mmoja.

Mimi ni seremala, nafunga makabati hapa Bilbao. Mwaka jana mimi na mke wangu tulijibana tukaenda. Jengo ni la Frank Gehry, yule msanifu majengo aliyechora jumba la makumbusho la Guggenheim hapa Bilbao, na lilifunguliwa 2006 kwenye kiwanda cha mvinyo cha tangu 1858. Zile bati za paa, za madini ya titani, zina maana yake. Rangi ya waridi ni mvinyo wenyewe, fedha ni kifuniko cha shingo ya chupa, na dhahabu ni wavu wa waya unaovishwa chupa. Wavu huo uliwekwa zamani ili walaghai wasijaze mvinyo wao kwenye chupa tupu wakauza kwa jina la wenzao. Ni nzuri sana, lakini dakika kumi zilinitosha.

Kilichonishika ni dirisha la chumbani. Kuta zimelala, hazifuati timazi. Dirisha linakwenda kwa kukunjakunja, fremu za mbao, na hapo hapo pana mahali pa kukaa. Nilikaa nikapitisha kidole kwenye maungio. Kila kona ina kipimo chake cha pembe. Wenzangu wa fani wanajua, kona isiyo mraba hupimi mara moja ukakata. Unakata, unajaribisha, unaranda tena. Sikuona hata mwanya mmoja uliozibwa kwa gundi na unga wa mbao. Nilipoinua macho, minara ya kanisa la San Andrés ilikuwa mbele yangu, na mashamba ya mizabibu nyuma yake. Yule fundi simjui, ila nilimwombea dua.

Spa iko jengo la pili, unavuka kwa daraja. Kuna beseni la kuogea mfano wa pipa la mvinyo, na wanakusugua kwa mbegu za zabibu. Mke wangu alitoka huko ametulia, hataki hata kuongea na mtu.

Sasa angalia hapa: vyumba vimegawanywa majengo yote mawili. Usipouliza unaweza kupewa upande wa spa, ambako ni kuzuri lakini hauko chini ya lile paa. Unapoweka nafasi, waandikie wazi kwamba unataka jengo la Gehry, chumba kinachotazama kanisa. Na ufike jua halijazama.