Jibu: kujenga API mbele ya watu kwa dakika 25 (mfano wa boti ya Mokowe–Amu)

Mwenzetu kauliza: kapewa dakika 25 kwenye kongamano la waandishi wa programu hapa Lamu, anataka kujenga API (mlango ambao programu nyingine hupitia kuomba huduma) ya kukata tikiti za boti ya Mokowe–Amu kwa FastAPI, maktaba ya Python ya kujengea API, hadhira ikitazama, na malipo ya M-Pesa ndani yake. Afanyeje isimkwamie?

Malipo yatoe. Jibu la STK push (ombi la M-Pesa linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN) hutumwa kwenye URL ya HTTPS inayofikika kutoka nje, na 127.0.0.1, anwani ya ndani ya laptopu yako, haifikiki. Ukishikilia, hifadhi faili mbili za JSON zenye umbo la jibu lile, moja ResultCode 0 (imelipwa), nyingine 1032 (mteja kaghairi), uzitume mwenyewe kwa curl, amri ya kutuma maombi ya wavuti. Dakika mbili, basi.

Intaneti ihesabu haipo. Wengi hunaswa na /docs, ukurasa wa maelezo ambao FastAPI hujitengenezea: huvuta JavaScript na CSS zake mtandaoni, kwa hivyo bila bando unabaki mweupe ilhali seva ni nzima. Tumia `curl -i`, na amri ziwe tayari kwenye vifaili vifupi. Hakuna aliyekuja kukutazama ukisaka alama ya kunukuu. Endapo utahamia mashine ya mtu, beba flashi yenye vifurushi vilivyoshushwa kwa `pip download fastapi uvicorn -d paki`, kisha `pip install --no-index --find-links paki fastapi uvicorn`. Python iwe toleo lile lile na mfumo ule ule, maana pydantic-core, kifurushi ambacho FastAPI hukitegemea, hujengwa kwa kila toleo, ikipishana inagoma.

Penye nyama ni kiti cha mwisho. Weka safari moja kwenye SQLite (hifadhidata ya faili moja), viti 1. Usiiweke kwenye dict ya Python: kwa `--reload` ya uvicorn (seva inayoendesha FastAPI), kila ukisevu faili programu huanza upya na data inapotea. Kwanza andika toleo bovu makusudi: soma viti kwa SELECT, vikizidi 0 lala kwa `time.sleep(2)`, halafu UPDATE ya `viti = viti - 1`, kisha commit (kuthibitisha mabadiliko). Tuma maombi mawili kwa pamoja (kata.sh ni kifaili chenye curl ya kukata tikiti): `sh kata.sh & sh kata.sh`. Abiria wote wawili wanapewa 201 (tikiti imekatwa), na hifadhidata inasoma -1. Waache waitazame hiyo -1 kidogo kabla hujasema neno.

Onyesho hili hufa kwa mambo madogo. Ukiandika `async def`, time.sleep inaifunga seva nzima, maombi yanapanga foleni na kosa halitokei; andika `def` tupu. Ukifungua muunganisho wa SQLite mwanzoni mwa faili ya Python badala ya ndani ya funksheni, utaambiwa umetumiwa na uzi (thread) mwingine. Ukiandika `viti = 0` kwa kuhesabu upande wa Python, -1 haitaonekana kamwe. Na 201 haiji yenyewe, FastAPI hurudisha 200 usipoweka `status_code=201`.

Tiba, SELECT ikiwa imeondolewa:

`cur = con.execute("UPDATE safari SET viti = viti - 1 WHERE id = ? AND viti > 0", (id,))`
`if cur.rowcount == 0: raise HTTPException(409, "Boti imejaa")`

Ile sleep iache kabla ya UPDATE, watu waone hukukwepa kwa mwendo. Sasa mmoja anapata 201, wa pili 409 (mgongano, kiti hakipo). Mtu makini atauliza safari isiyokuwepo je, kwa kuwa nayo hutoa rowcount 0 (hakuna safu iliyobadilishwa); hapo ndipo SELECT inarudi, baada ya kushindwa, kutenganisha 404 (safari haipo) na 409.

Saa nazo: boti ya saa mbili asubuhi kwenye JSON ni `T08:00:00+03:00`, si 02:00. Tumia AwareDatetime ya Pydantic, maktaba ambayo FastAPI hukagulia data. Muda usiotaja tofauti na UTC, kama hiyo +03:00, unakataliwa kwa 422 (data si sahihi).

Skrini: mandhari meupe, kwa kuwa madirisha yakiwa wazi mandhari meusi hayaonekani kwenye projekta. Herufi za ukubwa wa 24 au zaidi, mistari isiyozidi 18.

Kila hatua iwekee tagi ya Git (alama ya kurudi kwenye toleo hilo la msimbo) nyumbani. Ukikwama sekunde 60 usiwinde kosa jukwaani: `git checkout -f hatua-3`, waambie umeruka, endelea. Faili ya SQLite iwe kwenye .gitignore (orodha ya faili ambazo Git huziacha) na uwe na kiskripti cha kuirudisha viti 1, maana checkout haitaigusa na utaanza hatua ya pili boti ikiwa tayari na -1.